Silabi Nne

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne tarehe nne, daktari wa koo alipunguza taa ya chumba, akageuza kioo cha mashine, na Hariri akaziona nyuzi zake za sauti kwa mara ya kwanza. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Alikuwa amezitumia kazini kwa miaka thelathini na moja bila kujua zilifananaje. Zilikuwa ndogo kuliko alivyodhani, nyeupe, zimelowa, na katikati ya kila uzi palikuwa na kivimbe kama punje ya mchele.

"Unaona hapa, na hapa?" daktari aliuliza, akigusa kioo kwa ncha ya kalamu. "Hizi ni sugu."

Mrija wenye kamera ulikuwa bado mdomoni. Hariri alitoa mlio mdogo wa kukubali.

"Sugu kama za mkono wa mkulima. Jembe likisugua kila siku, ngozi inajikaza. Wewe umesugua hapa." Akachomoa mrija. "Haya, sema sasa. Ila usiseme sana."

"Zinatoka?"

"Kukatwa zinakatwa. Lakini unaweza kuamka na sauti ya mtu mwingine. Mimi ningeanza na mapumziko. Miezi miwili kimya, wa tatu maongezi ya kawaida. Baada ya hapo uimbe chini chini, sauti ya katikati, na usiimbe peke yako. Ile sauti ya juu wanayokujulia, isahau."

"Kwa muda gani, dokta?"

"Nimesema uisahau, mama. Sikusema uipumzishe."

Kwenye fomu, penye nafasi ya maelezo, daktari aliandika maneno mawili kwa herufi kubwa, kwa kuwa mwandiko wake wa kawaida haukusomeka hata na wauguzi wake: NYUZI ZIMECHOKA. Hariri alikunja fomu mara nne, akaitia kwenye mkoba, akatoka.

Jina la Hariri alipewa na mpiga besi wa bendi ya hoteli alikoanzia akiwa na miaka ishirini, akiitikia nyuma ya waimbaji wawili wa kiume waliokuwa hawamkumbuki hata kwa jina lake la kuzaliwa. Mpiga besi alisema sauti ile ikipita sikioni haikwaruzi. Jina likashika. Alitoa albamu tisa. Magazeti yalimwita malkia wa soul, na wimbo wake wa tatu, "Rudi Polepole", ulipigwa kwenye harusi nyingi hivi kwamba watu walisahau kuwa ni wimbo wa mwanamke aliyeachwa. Sifa yake ilikuwa moja: aliingia nyuma ya mdundo. Ngoma ikipiga, Hariri alisubiri kidogo, kama mtu anayefikiri kwanza, ndipo neno likatoka. Waliomuiga walichelewa tu. Yeye alikuwa akichelewa kwa kipimo.

Onyesho la mwisho lilikuwa Jumamosi, siku tatu kabla ya kwenda kwa daktari, saa kumi alasiri, katika ukumbi wenye viti mia nane. Alipofika kwenye ile noti ya juu ya "Rudi Polepole", alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Watu mia nane waliimaliza noti kwa niaba yake, wakapiga makofi, wakidhani ndiyo mbwembwe mpya. Meneja wake alimpongeza nyuma ya jukwaa. "Leo umewaweza, mama! Umewaachia waimbe wenyewe." Hariri alikunywa maji ya vuguvugu.

Meneja alikuwa mdogo wake kwa miaka kumi, mtu wa suti na simu mbili, mwaminifu kwa namna yake. Alipoletewa fomu ya daktari, Hariri akiwa ameandika nyuma yake masharti yote aliyopewa, aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena. Kisha uso ukamchangamka.

"Mama, hii si balaa. Hii ni njia. Sauti ya katikati, usiimbe peke yako, uwe na watu nyuma yako. Unajua hiyo inaitwaje? Injili!"

Hariri, aliyekuwa siku ya tano ya ukimya, alimtazama.

"Sikia kwanza. Hatuandiki hata wimbo mpya. Tunachukua 'Rudi Polepole', tunabadilisha neno moja. Penye 'mpenzi' tunaweka 'Mwenyezi'. M-pe-nzi, Mwe-nye-zi. Silabi tatu kwa tatu. Linaingia kama mguu kwenye kiatu chake."

Hariri alivuta daftari alilokuwa akiandikia maneno yake, akaandika, akamgeuzia. Meneja alisoma kwa sauti: "'Mwenyezi, rudi polepole. Kwani alikuwa ameenda wapi?'"

Akakuna kichwa. "Hilo tutalitazama."

Aliyecheka zaidi ni dada yake Hariri. Dada alikuwa mkubwa kwa miaka minne, mshonaji wa sare za shule, mjane, na kwa miaka thelathini na tano alikuwa katika sauti ya pili ya kwaya ya kanisa. Katika ile miezi miwili ya kimya alikuja kila siku baada ya kufunga duka, akaketi jikoni kwa mdogo wake na kuongea kwa niaba ya wote wawili.

"Watu wanaomba arudi upesi, nyie mnamwambia polepole," alisema, akijifuta machozi ya kicheko kwa upindo wa kitenge. "Huyo meneja wako hana hata haya. Ila mdogo wangu, ngoja nikuambie. Miaka hamsini yote hiyo, ndio kwanza napata zamu ya kusema ndani ya nyumba moja na wewe. Mungu ampe dokta maisha marefu."

Hariri alicheka bila sauti, mabega yakitikisika. Kisha akaandika kitu, akakikata, akaandika tena: *Mwalimu wenu atanipokea?*

Dada aliacha kucheka. Wote wawili walijua swali lile lilikuwa na umri gani. Walikuwa wamesimama katika kwaya ile pamoja, bega kwa bega, mpaka Hariri alipoondoka kwenda bendi ya hoteli. Baba yao aliimba sauti ya nne kwa miaka arobaini, na alifariki bila kusikiliza wimbo wa bintiye hata mmoja hadi mwisho. Redio ikimtaja, alikuwa akiinuka kwenda kutazama kitu nje.

"Nikuulize," dada alisema. "Umeokoka, au umechoka?"

Hariri alilitazama daftari kwa muda, kama mtu aliyepewa hesabu. Akaandika neno moja, la pili kati ya yale mawili. Hakukuwa na uchungu wala majigambo ndani yake. Mahali pengine popote duniani, sauti aliyobaki nayo isingefaa kitu. Katika safu ya sauti ya pili ingetosha. Ndicho alichokitaka, na hakikuwa na mbadala.

Mwalimu wa kwaya alikuwa mwalimu mstaafu wa hisabati, mwembamba, mwenye rula ya mbao aliyoitumia kupigia mapigo juu ya meza. Mazoezi yalianza Jumamosi saa nane kamili mchana katika darasa nyuma ya kanisa. Saa nane na dakika moja mlango ulifungwa. Kwaya ilisoma nyimbo kwa tonika solfa, zile herufi za do, re, mi zilizoandikwa ubaoni kwa chaki juu ya kila silabi, na Hariri, aliyeimba miaka thelathini na moja kwa masikio, alilazimika kuzisoma kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Simama," Mwalimu alisema siku ya kwanza. Ilikuwa mwezi wa nne tangu kwa daktari. "Mstari wa pili. Sauti ya pili peke yenu."

Wakaimba, wanane na yeye wa tisa. Rula ikagonga meza.

"Kuna mtu treni limemwacha."

Wenzake wakaguna. Walijua ni nani, naye alijua.

"Mwalimu, ni mimi," Hariri alisema. "Ndivyo ninavyoimba."

"Najua unavyoimba, mama. Mke wangu ana kaseti zako zote. Umechelewa nusu pigo. Wewe ukiimba, unaimba wewe. Hapa tunaimba sisi. Tena."

Walirudia mara sita. Mara ya sita alichelewa robo. Mwalimu alisema hayo ni maendeleo, robo ni ndogo kuliko nusu, na akawaruhusu wakanywe maji.

Kwa miezi mitatu alifanya mazoezi bila kukosa Jumamosi hata moja. Alikuwa akichoka kwa namna mpya. Zamani alichoka kwa kutazamwa. Sasa alichoka kwa kuhesabu. Alijifunza kupumua wakati wenzake wanapumua. Alijifunza kumaliza neno pale rula ilipolimaliza, hata kama koo lilitaka kulivuta. Jumapili, kwaya ikiimba, yeye aliketi benchi la tatu akiwasikiliza, kwa sababu sheria ya kanisa lile ilikuwa moja na haikuwa na mlango wa uani: hakuna anayevaa joho la kwaya kabla hajatoa ushuhuda mbele ya watu.

"Ni dakika mbili tu," dada alimwambia wakiosha vyombo. "Unasema siku na saa, unasema nimeokoka, watu wanasema haleluya, unavalishwa joho. Basi."

"Siku na saa gani?"

"Ya kuokoka, jamani! Kila mtu ana yake. Mimi ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni, mvua inanyesha."

"Mimi naomba, dada. Asubuhi naomba, na jioni nikikumbuka. Simkani mtu. Lakini sina Ijumaa wala mvua. Siku na saa ninayoijua ni ile ya dokta."

"Mdogo wangu, ni neno moja."

"Ndiyo maana. Yangekuwa mengi, lingejificha."

Dada alisuuza sahani iliyokuwa safi tayari. Mwishowe akasema, "Sema la kweli basi. Lakini sema kwa adabu."

Jumapili ya ushuhuda, spika za kanisa zilikuwa na kasoro. Tangu asubuhi zilikuwa zikipiga yowe, na fundi wa mitambo, ili kuzinyamazisha, alikuwa ameshusha sauti nyembamba zote mpaka chini. Kilichobaki kilikuwa uvumo mnene kama wa mtu anayesema ndani ya pipa. Meneja alikuwa ameketi mbele kwa suti ya kijivu, simu imeinuliwa, anarekodi.

Hariri alisimama. Alikuwa ameandaa sentensi nne, zote za kweli, na alikuwa amezipima.

"Jumanne, tarehe nne, saa tatu na dakika kumi asubuhi," alisema, "nilijiona nilivyo."

"Amina!" watu walijibu. Siku, tarehe, saa: njia waliyoizoea.

"Nimechoka."

Kanisa lililipuka. Kinanda kiliingia, ngoma ikafuata, akina mama wa mbele walisimama na vitambaa hewani. Hariri alisema sentensi ya tatu, kwamba amechoka kuimba peke yake, na ya nne, kwamba anaomba nafasi katika sauti ya pili. Hakuna aliyezisikia. Mchungaji alikuwa tayari amemshika bega, akilia, na mzee wa kanisa alikuwa akimvisha joho la buluu kupitia kichwani. Alipotoa kichwa upande wa pili, alimwona Mwalimu. Mwalimu hakuwa akipiga makofi. Alikuwa akimtazama mdomo.

Jumatatu saa nne asubuhi Meneja alifika na simu zote mbili zikilia.

"Dunia nzima inasema amina! Redio tatu zinakutaka. Na jina la albamu tumelipata bure." Akafungua picha aliyokwisha kuitengeneza: uso wake, joho, na maandishi ya dhahabu, NIMEOKOKA.

"Sikusema hivyo."

"Mama, nimerekodi mwenyewe."

Akamwekea. Hariri alisikiliza. Akaomba arudie. Kutoka kwenye simu ile, kwa sauti yake mwenyewe nzito iliyopita katika spika mbovu, ilitoka waziwazi: nimeokoka. Alijua alichosema. Lakini kifaa nacho kilijua kilichosikia, na katika kazi yake yote, kati ya mwimbaji na mkanda, mkanda ndio ulioaminiwa. Aliomba aachiwe ile video. Siku nzima aliisikiliza, na kufika jioni alikuwa hana uhakika tena.

Jumamosi alifika mazoezini saa nane kasoro robo. Mwalimu alikuwa peke yake, akiandika ubaoni.

"Mwalimu. Jumapili nilisema nini?"

Hakugeuka. "Una ile video?"

Aliiweka simu mezani. Mwalimu alichukua rula, akaketi, akasikiliza macho yamefumbwa, na kila silabi ilipopita aligonga meza polepole. Kisha akamsukumia rula.

"Gonga wewe."

Akagonga. *Ni. Me.* Halafu ule uvumo mnene. Halafu *ka.*

"Ngapi?"

"Nne."

"Nimeokoka ni ngapi?"

Hariri alihesabu kwa vidole, ingawa hakuhitaji. "Tano."

"Tano. Spika inaweza kula herufi. Haiwezi kula pigo." Alirudisha rula mahali pake, sambamba na ukingo wa meza. "Tena nilikuwa mbele yako. Miaka thelathini nasoma midomo ya watu wanaojifanya wanaimba. Ulimi wako ulipanda juu. Ulisema 'cho'."

"Kwa nini hukusema kitu?"

"Mimi habari za moyo wako siulizi, mama. Hizo ni za Mchungaji. Mimi nashughulika na silabi. Lakini katika kwaya yangu neno linaimbwa lilivyoandikwa, na lako limeandikwa vibaya mbele ya watu mia tatu."

"Nikilisahihisha, nitavuliwa joho."

"Inawezekana sana."

"Na bila hii kwaya sina pa kuimbia. Peke yangu siwezi tena. Dokta kasema."

"Hilo nalo ni kweli," Mwalimu alisema, akasimama kwenda kufungua mlango, kwa maana ilikuwa saa nane kasoro dakika mbili na watu walikuwa wakisikika nje.

Dada alimwona usoni, akajua ameamua kulisahihisha. Walitembea pamoja mitaa mitatu kurudi nyumbani.

"Nilikuwa nyuma yako siku ile," dada alisema. "Nilisikia vizuri. Nikasema moyoni, nyamaza, mwache mwenzio avae joho."

"Asante."

"Usinishukuru. Nilitaka tu usimame tena karibu yangu."

Jumapili, kabla ya ibada, Hariri alimfuata Mchungaji ofisini, chumba kidogo chenye meza, kabati la faili na kipimajoto cha ukutani. Alimweleza. Mchungaji, kijana kuliko wote waliohusika na jambo hili, alikandamiza macho kwa vidole viwili.

"Mama, watu wamefurahi wiki nzima. Utawavunja moyo."

"Wamefurahia kitu ambacho hakikutokea, Mchungaji."

"Huwezi kuliacha tu? Labda litatokea."

"Likitokea nitakuja na siku na saa."

Akampa dakika moja, wakati wa matangazo. Safari hii spika zilikuwa zimetengenezwa, lakini Hariri hakuziamini. Alikishika kipaza sauti alivyofundishwa na mpiga besi miaka thelathini iliyopita, kimeinama kidogo pembeni ya mdomo ili herufi kali zipite bila kuumiza.

"Jumapili iliyopita mlinisikia vibaya, na kosa si lenu. Sikusema nimeokoka. Nilisema nime-cho-ka. Silabi nne. Nimechoka kuimba peke yangu, na niliomba nafasi katika sauti ya pili. Basi. Anayetaka joho lirudi, hili hapa."

Palikuwa na ukimya wa aina aliyoijua: ukumbi ambao haujaamua. Kisha kutoka nyuma, mwanamke mmoja alisema, si kwa nguvu, lakini kanisa zima lilisikia: "Kwani nani hajachoka?"

Wengine walicheka. Wengine waliwageukia waliocheka. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa hakucheka. Alikuja mbele kwa hatua za mtu anayekwenda kuzima jiko, akanyoosha mikono, na Hariri akavua joho, akalikunja kwa nne kama alivyokunja fomu ya daktari, akampa.

Jumatatu alimwambia Meneja aifute video na ile picha ya dhahabu. Meneja alibishana kwa saa nzima, akaomba, akatania.

"Mama, tuseme ukweli. Tukifuta, tunabaki na nini?"

"Na Jumamosi saa nane."

Akaifuta. Ilikuwa imeshasambaa kwa wengine, na hilo halikuwa mikononi mwake. Meneja alimbusu Hariri shavuni kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili, akasema atakuwa akipiga simu kumjulia hali.

Kamati ya wazee ilikaa Jumatano. Barua ilimfikia Mwalimu Alhamisi, nakala kwa Hariri. Ilikuwa na aya tatu za salamu na sentensi moja ya uamuzi: dada huyo anaweza kuendelea na mazoezi, lakini hadi atakapotoa ushuhuda kamili, *haruhusiwi kusimama pamoja na kwaya iliyovaa majoho*. Na kwaya, Jumapili zote za miaka yote, ilivaa majoho.

Hariri alikwenda mazoezini Jumamosi hata hivyo, kwa kuwa barua ilisema anaweza. Mwalimu alikuwa na ile barua mezani, chini ya rula. Alikuwa ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu, kama daftari la mwanafunzi, chini ya neno moja tu. Hakulizungumzia. Waliimba kwa saa mbili, wimbo mmoja tu, wa taratibu, wenye mapigo matatu. Sauti ya pili ilikuwa ikisubiri mapigo mawili ya mwanzo na kuingia kwenye la tatu. Mara nne za kwanza Hariri alichelewa, si sana. Mara ya tano Mwalimu hakugonga meza.

Mwisho wa mazoezi alikusanya chaki.

"Tangazo," alisema. "Kesho kwaya haivai majoho."

Watu walitazamana. Mwimbaji mmoja wa sauti ya nne, fundi bomba mwenye utani mwingi, aliinua mkono. "Mwalimu, tumekosa nini?"

"Hamjakosa kitu. Kutakuwa na joto."

"Joto? Mwalimu, mimi leo nimelala na blanketi mbili."

"Basi kesho ulale na moja. Majoho yabaki kabatini. Ufunguo ninao mimi."

Dada alimtazama Hariri kwa pembe ya jicho. Hariri alitazama barua, kisha mstari mwekundu, na safari hii aliweza kusoma neno lililopigiwa mstari kutoka pale alipokaa: *iliyovaa*.

Jumapili asubuhi kulikuwa na ukungu. Watu waliingia kanisani na masweta, na akina mama wa benchi la mbele walijifunika khanga mabegani. Saa tatu na dakika tano Hariri alipita ofisini kuweka mkoba. Kipimajoto cha ukutani kilionyesha nyuzi kumi na saba. Mwenyekiti wa wazee alikuwa amesimama chini yake, barua mkononi, akiisoma tena, midomo ikicheza. Aliinua macho, akamwona, akafungua mdomo kama anayetaka kusema. Kisha akarudi kwenye barua.

Saa tatu na dakika kumi kwaya ilipanda jukwaani, kila mtu na nguo zake, mashati ya mistari, blauzi, sweta moja la kijani lililotoboka kiwiko. Hariri alisimama safu ya pili, kulia kwa dada yake. Mwalimu alipuliza filimbi yake ndogo ya kutolea sauti ya kuanzia, akainua rula. Sauti ya kwanza iliingia. Rula ilishuka mara moja, mara mbili.

Sauti ya pili iliingia kwenye pigo la tatu, watu tisa. Hakuna aliyechelewa.